Wakili atembee, karatasi zisitembee!

Leo naongelea muhuri wa wakili, kile kidude kidogo kinachowatoa vijana wa mjini jasho kuliko kutoa posa.

Maana bila muhuri siku hizi huendi popote. Unaomba kazi serikalini, nakala za vyeti zigongwe muhuri. Unaomba mkopo wa elimu ya juu, fomu ikagongwe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne kinasema Khadija, basi dada yangu nenda kaape kwamba hao wawili ni wewe mmoja. Umenunua gari kwa mtu, mkataba ushuhudiwe. Unataka kuweka nyumba rehani benki, mwenzi wako naye atie sahihi kwamba ameridhia. Kila kona muhuri!

Sasa na foleni za Dar hizi, nani ana nusu siku ya kumfuata wakili Posta au Kariakoo, apande ngazi ghorofa ya nne, halafu aambiwe "katoka, rudi kesho"? Ndipo mawakili wengine waliposhtuka. Unampigia simu, anakufuata kazini, nyumbani, hata wodini kwa mgonjwa. Muhuri uko kwenye begi. Unamlipa kazi yake na nauli, mambo yanakwisha.

Wenzetu Marekani hiyo ni biashara kamili. Kule notari wengi wala si mawakili, ni watu waliopewa kibali na jimbo, na wako wanaoshinda barabarani kutoka kwa mteja huyu kwenda kwa yule. Jimbo la Virginia lilikwenda mbali zaidi, tangu mwaka 2012 linaruhusu kazi hiyo ifanyike kwa video. Huku kwetu kazi ni ya mawakili, na hakimu naye anaweza kukuapisha. Ila muhuri wa mwenyekiti wa mtaa una shughuli zake, usiuchanganye na huu.

Asikudanganye mtu kwamba wakili kuja sebuleni kwako ni uhuni. Sheria ya Notari wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, haijamfunga kamba kwenye meza ya ofisi. Kifungu cha 8 kinachotaka ni kwamba anayekuapisha aweke jina lake, na aseme kwa ukweli kiapo kimefanyika wapi na tarehe gani. Umeona hapo? Kwa ukweli! Akikufuata Kibaha, aandike Kibaha, asiandike Dar es Salaam kwa kuwa ndiko iliko ofisi yake. Usidhani ni mambo madogo. Mahakama zetu zimeshatupa maombi chungu nzima kwa sababu tu hati ya kiapo haikuonyesha mahali, tarehe au jina la aliyeapisha. Mtu analipa, anahangaika, halafu anadondoshwa na mstari mmoja chini ya karatasi.

Lakini noma yenyewe iko kwingine. Mjini hapa kuna huduma nyingine ya haraka ambayo wengi mnaizimia. Wakili hatembei, zinatembea karatasi! Unafika steshenari kutoa fotokopi, kijana anakwambia, "Bro, niachie hapo na elfu kadhaa, saa kumi pitia." Karatasi zinapanda bodaboda, zinarudi zimegongwa, saini imepinda vizuri. Aliyegonga hajakuona wewe, hajaona cheti chako halisi, wala hajui kama upo hai. Wewe unacheka kwamba umeokoa muda.

Hebu jiulize, hapo umenunua nini? Wino? Muhuri hata fundi wa mtaani anachonga. Unachomlipa wakili ni macho yake, kwamba alikuona, alikutambua, alishuhudia mkono wako ukisaini. Macho yakikosekana, iliyobaki ni karatasi yenye duara.

Nina mama yangu mkubwa, anaishi Temeke. Nyumba yake ina vyumba sita, mwenyewe analala kimoja, vingine amepangisha. Magoti yamegoma na kusoma hajui. Mwaka juzi mwanawe mkubwa, kaka yangu huyo, akasema mama asihangaike na wapangaji, amwandikie hati ya uwakala, ile mjini wanaiita pawa ov atoni, awe anakusanya kodi. Karatasi akaja nayo imeshachapwa. Alitaka ipelekwe ikagongwe, mama atie dole gumba tu. Mama mkubwa akakataa katakata. "Huyo anayenishuhudia aje anione," akasema. Ikabidi wakili aitwe.

Akaja dada mmoja, kijana tu, kabeba begi mgongoni. Kitu cha kwanza, akaomba kitambulisho cha mama. Cha pili, akatuomba wote tutoke, akiwemo kaka. Tukakaa barazani, mlango wazi, tunasikia.

"Mama, shikamoo. Karatasi hii umeambiwa inasema nini?"

"Marahaba mwanangu. Si ya mwanangu kunikusanyia kodi?"

"Kodi imo, mama. Lakini imeandikwa pia kwamba anaweza kuiuza nyumba na kupokea hela kwa niaba yako. Hilo unalitaka?"

Ilipita kama dakika nzima bila mtu kukohoa. Kisha mama mkubwa akasema, "Naomba maji."

Kaka akaruka kwamba mpiga taipu ndiye aliyekosea. Mpiga taipu! Wakili hakubishana naye, akairudisha ile hati bila kuigonga, akaandaa nyingine ya kodi tu, akamsomea mama neno kwa neno, akamuuliza tena kama ameelewa, ndipo akaweka dole. Nyumba ipo mpaka leo na wapangaji wapo.

Sasa chukulia ile ya kwanza ingepanda bodaboda na dole gumba tayari limo. Unadhani nani angemsomea? California wanalijua balaa hili. Kule hati ikihusu nyumba au ardhi, au ikiwa ya uwakala, notari lazima achukue alama ya dole gumba la msainiji kwenye daftari lake, ili kesho mtu asikane wala asisingiziwe.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumwita wakili nyumbani, mwite, ni jambo poa kabisa. Ila kwanza, lichunguze jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, maana leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka na vishoka wenye suti kali wamejaa. Pili, patana bei na nauli mapema. Tatu, andaa kitambulisho na vyeti halisi, nakala peke yake haitoshi. Nne, usitie saini kabla hajafika, kalamu ikae mfukoni mpaka akuone. Tano, kabla hajaondoka soma pale chini ujue kama jina, mahali na tarehe vipo, na vyote ni vya kweli.

Na akikuhoji usinune. Wakili anayegonga bila kukuuliza swali hata moja ndiye wa kumwogopa, kwa sababu aliyekugongea wewe bila kukuona, kesho atamgongea mwingine anayejiita jina lako. Ohoo!

Na wewe Khadija, ukiapa, apa la kweli. Kusema uongo kwenye kiapo ni jinai, na hapo wakili utamtafuta kwa shughuli nyingine kabisa.

Mengine wiki ijayo, panapo majaliwa. Mimi simo!