Simu Haihesabu Walionyamaza

Katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, vikundi vingi vya kusaidiana vinahamishia kazi zao katika simu. Mwaliko wa mkutano hutumwa kwa WhatsApp, michango hupita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na orodha ya wanaohitaji chakula hupigwa picha na kusambazwa kabla wino haujakauka. Hatuyapingi mabadiliko hayo. Tunasema tu kwamba kila kikundi, kabla ya kulifunga daftari lake, kinapaswa kujibu swali moja: nani atabaki nje?

Faida za simu tumeziona wenyewe. Mwaka 2020, korona ilipofunga makanisa na shule, wagonjwa na wazee walijuliwa hali kwa simu, na watoto walipata masomo ya Okapi Ecole kwa redio. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, na benki zikafunga milango, jamaa nyingi zilipokea msaada wa ndugu zao kwa pesa ya simu. Anayesema kwamba vyombo hivi ni anasa hakuyaishi majira hayo.

Lakini tuitazame MUSO, ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua. Ina masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa ugonjwa, msiba na dharura nyingine, la bluu kwa fedha zitokazo nje. Nguvu yake haimo katika masanduku peke yake. Imo katika wanachama kuketi pamoja, kuhesabu mbele ya macho yote, na kuona kiti kitupu. Kiti kitupu huuliza: mwenzetu amepatwa na nini? Mara nyingi sanduku jekundu hufunguliwa kwa sababu mtu alikosekana, wala si kwa sababu aliomba.

Katika simu, hakuna kiti kitupu. Wanaojibu huonekana kana kwamba ndio wote. Mama mjane mwenye simu ndogo isiyo na intaneti hayumo. Mzee ambaye simu yake hushikwa na mjukuu hayumo. Mkimbizi aliyeuza simu ili watoto wale hayumo, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kustahili msaada. Hivyo huduma iliyoanzishwa kwa ajili ya maskini huweza, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, kugeuka kuwa huduma ya wenye kununua mega.

Kwa hiyo twaona inafaa njia ya mawasiliano ipimwe kwa mwanachama aliye dhaifu kuliko wote. Ujumbe mfupi hufika penye simu ndogo; pesa ya simu nayo hufanya kazi bila intaneti. Asiye na simu kabisa apewe jirani mmoja anayejulikana, atakayempelekea habari na kurudisha jibu lake mkutanoni. Makato ya kutoa pesa kwa wakala yalipwe na kikundi, yasimpunguzie mgonjwa kile alichopewa. Na namba ya siri ya mtu isiwekwe mikononi mwa mhazini, hata kama nia yake ni njema.

Daftari nalo lisitupwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi mhazini asome kwa sauti yaliyoingia na yaliyotoka katika simu, na mwandishi ayaandike. Asiyejua kusoma ana haki ya kusikia hesabu ya mchango wake.

Jambo jingine ni siri. Majina ya wanawake waliotendewa jeuri, ya wagonjwa, ya familia zilizokimbia, si ya kutumwa katika kundi la watu mia. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Lakini hata kabla ya sheria, heshima ilitosha kutufundisha kwamba shida ya jirani si tangazo.

Tukumbuke pia kwamba mtandao hukatika. Mwishoni mwa Desemba 2017, kwa ajili ya maandamano yaliyoitishwa na Kamati ya Uratibu ya Walei, intaneti na ujumbe mfupi vilifungwa kwa amri ya serikali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilizimwa kwa muda wa karibu majuma matatu. Kikundi ambacho wanachama wake hawajui tena nyumba za wenzao kingefanya nini siku hizo?

Wapo watakaosema kwamba kushika njia mbili ni kazi mara mbili. Ni kweli, nasi hatuwezi kuipunguza kwa maneno. Ila kazi hiyo ya pili, ya kutembea hadi mlango wa yule asiyejibu, ndiyo iliyotufanya tuunde vikundi hivi tangu mwanzo. Simu na ituondolee safari zisizo za lazima, ili tubaki na nguvu za kufanya zile zilizo za lazima.