Televizyo haijakufa, mafundi wasile franka za bure

Huku Salamabila, tablete ikikataa kurusha picha kwenye televizyo, familia zilizokimbia makwao huambiwa zinunue mega au zilipe fundi. Wanaonewa. Kama video iko tayari ndani ya tablete, na vyombo vyote viwili vina Miracast, picha hupita hewani bila intaneti. Washa Wi-Fi ya tablete, fungua kwenye televizyo sehemu ya kupokea picha, visogeze karibu. Vikigoma, zima vyote viwili, washa upya. iPad haina Miracast, na fundi hawezi kuitia. Basi nakili video kwenye flashi, uichomeke kwenye tundu la USB la televizyo. Mafuta ya jenereta yanaisha watoto wakingojea somo. Fundi asiyejaribu flashi kwanza anadai franka za nini?