Miti 21 Ndani ya Chupa, Jina Hata Moja Hakuna



Anayeshuka matatu jioni katika steji ya Ayany, Nairobi, hupokewa na kipaza sauti kabla hajapokewa na watu wake. Presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume: vyote vina dawa, na dawa ni chupa moja ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Sifa yake kubwa ni hesabu. Ya miti 7 ni ya bei ya chini, ya miti 14 inapanda, ya miti 21 ni ya mwenye haraka ya kupona. Kule Kawangware, karibu na steji ya 46, wapo wanaofika arobaini, labda kwa heshima ya mwarobaini. Miti yenyewe haitajwi.

Mitishamba haina kosa hapa. Mama wa Kiluo anayemwogesha mtoto kwa manyasi na mzee wa Kikuyu anayetafuna gome la muthiga kifua kikimbana wanaujua mti wao kwa jina. Hata Babu wa Loliondo, Ambilikile Mwasapile, ambaye mwaka 2011 alivuta maelfu hadi kijiji cha Samunge, Wakenya wakiwamo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 za Tanzania, alisema wazi kuwa anachemsha mugariga. Ubishi ukawa juu ya mti unaojulikana. Steji ya Ayany haina hata cha kubishia.

Mama mmoja wa mtaa huu, aliyevuka miaka 60, humeza tembe za presha za aina ile inayomkojoza mtu. Mwaka huu aliongeza chupa tatu: moja ya steji, moja aliyoletewa na mkaza mwanawe kutoka Kawangware, ya tatu zawadi ya rafiki wa kanisani. Mbili zilikuwa za presha, moja ya "kusafisha tumbo". Baada ya siku kumi miguu ilianza kumlegea, na asubuhi moja akaanguka mlangoni. Hospitalini ilionekana kuwa potasiamu mwilini imeshuka vibaya. Tembe za kukojoza huondoa madini hayo. Utomvu wa manjano wa shubiri, unaotiwa katika dawa nyingi za kusafisha tumbo, huharisha, na kuhara huyaondoa tena. Yakipungua mno, misuli huishiwa nguvu na moyo hupiga ovyo. Je, chupa ya kusafisha tumbo, ile ya steji, ilikuwa na shubiri? Daktari alishuku hivyo, akaigeuzageuza kutafuta maandishi. Aliyoyapata ni "Miti 21".

Lawama haiishii kwa muuzaji. Mama huyo amehudhuria kliniki kila mwezi kwa zaidi ya miaka miwili. Kila mara huulizwa kama anameza tembe zake. Hajawahi kuulizwa anakunywa nini kingine. Naye hawezi kuzitaja chupa hizo mwenyewe, kwa kuwa amewaona wenzake wakikaripiwa mbele ya foleni nzima kwa kutamka neno mitishamba.

Kwamba mchanganyiko hudhuru si uvumi wa mtaani. Mwaka 1979 jarida la The Lancet la Uingereza lilieleza habari za mwanamke wa miaka 40 aliyekuwa akitumia tembe za kisukari, ambaye sukari yake ilishuka kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu ya mchuzi wenye karela, lile tunda chungu, na kitunguu saumu. Mchuzi tu! Mjini Brussels, miaka ya mwanzo ya 1990, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina na dawa za hospitali kwa pamoja. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine, aristolokia, yenye sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Huku kwetu, anayetumia ARV zenye dolutegravir akizimeza pamoja na vidonge vya zinki au magnesiamu, dawa haiingii mwilini inavyopaswa. Vidonge hivyo huuzwa kwenye meza ile ile ya chupa za miti.

Sheria ya Afya ya 2017 ilisema kiundwe chombo cha kusimamia tiba asilia. Lakini kwa miaka mingi mganga wa miti amekuwa akipata cheti chake idara ya utamaduni, kana kwamba chupa yake ni ngoma ya kuchezwa siku ya Mashujaa. Bodi ya Famasia na Sumu nayo husajili bidhaa za mitishamba, ila chupa tatu za mama huyu hazikuwa na nambari yoyote. Wakazi hawaombi wauzaji wafukuzwe. Wanaomba kila chupa iandikwe majina ya miti iliyomo, na kila kliniki imwulize mgonjwa, bila kumfokea, anakunywa nini nyumbani.

Mama ametoka hospitalini. Mwanawe alirudi steji na chupa mkononi kuuliza majina ya ile miti 21. Muuzaji alimsikiliza kwa upole, akampa pole ya mgonjwa, kisha akamwambia hiyo ni ya zamani. Sasa imefika ya miti 30.

Mkazi wa Ayany,
Nairobi