Karani na Baraza la Kutunga Sheria



Kila isimuliwapo habari ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, twaambiwa kwamba lilianzishwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja, na kwamba mwaka 1945 waliingizwa wawili: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini huongeza kwa fahari jina la Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, aliyeteuliwa mwaka 1947. Fahari hiyo ni haki yetu, kwa kuwa mjukuu huyo wa Mkwawa ndiye aliyekuja kuwa Spika mwaka 1962. Lakini wote watatu waliteuliwa na Serikali; hakuna mtu wa Iringa wala wa Mbeya aliyeulizwa amtakaye.

Na makarani je? Martin Kayamba na wenzake walikwisha kuunda chama cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika huko Tanga mwaka 1922. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na nguzo zake zilikuwa makarani na walimu. Karani alikuwa mtu wa kuhamishwa, leo Tanga, mwakani Iringa, kisha Mbeya au Tukuyu, na habari za chama zilisafiri naye pamoja na sanduku lake.

Ndipo ulipotoka waraka wa mwaka 1953, zamani za Gavana Twining, uliowakataza watumishi wa Serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, karani mwenye mke na watoto ilimpasa kuchagua baina ya kadi na mshahara. Simlaumu aliyeuchagua mshahara. Inichekeshayo ni sheria ya uchaguzi wa mwaka 1958: mtu alipata haki ya kura kwa kusoma hadi darasa la nane, au kwa mapato ya pauni 150 kwa mwaka. Yaani karani yuleyule alionekana ana akili za kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, lakini hana akili za kushika kadi ya chama! Hata hivyo kura ni siri, na waraka haukuweza kumfuata ndani ya chumba cha kupigia kura. UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kishindane na TANU, kilishindwa vibaya.

Majina ya machifu yamo vitabuni. Ya makarani waliokisaidia chama kwa siri hayamo, na wenyewe karibu wote wamekwisha kufariki. Naomba matawi ya Iringa na Mbeya yaanze kuyaandika. Mwenye barua, picha au daftari la ada la babu yake na amletee katibu wa tawi, mchwa hawajalimaliza.