Cheche Zimo Hata Duarani
Mwandishi aliyedai kwamba mafundisho ya Kihasidi, harakati ya kiroho ya Kiyahudi, ni ya wasomi wa Ulaya, hayamhusu mchimbaji wa dhahabu wa Nyahanga, amekosea. Baal Shem Tov, mwanzilishi wa Uhasidi aliyefariki mwaka 1760, alifundisha kuwa cheche za utakatifu zimo hata katika kazi za kila siku, na kwamba sala ya asiye msomi ina uzito. Na Uyahudi si wa Ulaya pekee: karibu na Mbale, Uganda, kiongozi Semei Kakungulu aliushika mwaka 1919 kwa kusoma Biblia, na jumuiya yake ya Abayudaya ipo hadi leo.

Mwandishi huyo atajibu kwamba hoja hii inabariki uroho wa dhahabu. Hapana. Torati, katika Walawi 19:36, inadai mizani ya haki. Mnunuzi wa dhahabu anayempunja pointi mbili za uzito mchimbaji aliyetoka duarani, yaani shimoni mwa mgodi, na tope mwilini ameivunja, hata akisali kutwa.