Mikunde na Hesabu ya Udongo

Kauli kwamba mikunde hurutubisha shamba imezoeleka mno katika mafunzo ya ugani, hata kunde, maharage na soya zikachukuliwa kana kwamba zina uwezo huo kwa asili yake. Toleo hili linashika msimamo mwingine. Mmea peke yake hauwezi kutumia naitrojeni ya hewani, ingawa gesi hiyo ni takriban asilimia 78 ya hewa yote. Wanaoweza ni bakteria wa udongoni, wajulikanao kwa jumla kama rizobia, nao huifanya kazi hiyo kwa masharti. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth waliyatangaza matokeo yao juu ya jambo hili nchini Ujerumani mwaka 1886, na miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe.

Sharti la kwanza ni kutambuana. Mzizi uliopungukiwa na naitrojeni hutoa flavonoidi, yaani kemikali za mmea zinazosambaa katika udongo unaouzunguka, na bakteria wanaozitambua hujibu kwa molekuli za ishara ambazo muundo wake hutofautiana baina ya aina moja ya bakteria na nyingine. Ishara ikikubalika, kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwazingira bakteria, kisha ukuta wake hubonyea ndani na kufanya mrija mwembamba, uitwao uzi wa maambukizi, ambamo bakteria huzaana huku wakisogea hadi kwenye seli za ndani zilizokwisha kuanza kugawanyika ili kujenga kinundu. Kwa hiyo kinundu ni kiungo cha mmea wala si uvimbe wa ugonjwa, na anayekishuku anaweza kukijaribu kwa kidole: kinundu hubanduka kirahisi ubavuni mwa mzizi, ilhali fundo linaloletwa na minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Humo ndani, kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi hugeuza naitrojeni kuwa amonia, lakini huharibiwa na oksijeni, ambayo bakteria haohao huihitaji ili wapumue. Utata huo hutatuliwa na leghemoglobini, protini yenye chuma iliyo ya ukoo mmoja na ile ya damu ya binadamu, ambayo huishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo. Ndiyo sababu kinundu kinachofanya kazi, kikipasuliwa kwa ukucha, huonekana cha waridi, na kilichochoka huwa cha kijani au kahawia. Gharama yake si ndogo, kwani kila molekuli ya naitrojeni hutumia angalau molekuli 16 za ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na nishati hiyo hutokana na sukari ya majani. Haishangazi basi kwamba mmea uliomwagiwa yurea kwa wingi hupunguza vinundu, na kwamba soya huwabania oksijeni bakteria wasioleta kitu.

Katika mashamba ya Afrika Mashariki masharti haya hutimia kwa viwango tofauti. Kunde hupokea bakteria wa aina nyingi waliomo udongoni, lakini soya, yenye asili ya Asia Mashariki, mara nyingi huwakosa wa kwake, hivyo mbegu hupakwa unga wenye bakteria hao kabla ya kupandwa, na unga huo hukosa maana ukiachwa juani au udongo ukiwa hauna fosforasi ya kutosha. Maharage, ambayo ndiyo yanayoliwa zaidi, ni dhaifu katika kazi hii. Zaidi ya hayo, yakikomaa hung'olewa pamoja na mizizi na kupigwa nyumbani. Punje huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni, maganda na mabua hupewa ng'ombe, na samadi yake mara nyingi huishia kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Shamba linalosemwa kuwa limerutubishwa linaweza kubaki na naitrojeni pungufu kuliko lilivyokuwa kabla ya kupandwa. Kwa sababu hiyo jarida hili limewataka waandishi wa toleo hili wasiishie kwenye kuhesabu vinundu, bali wapime pia kile kinachotoka shambani siku ya mavuno.