Spika Za Masikioni Zinadondoka Kila Saa? Tatizo Sio Sikio Lako

Wadau, kuna staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina tuliache kapuni, klipu yake imezunguka kwenye magrupu wiki nzima. Yupo jukwaani anaimba laivu, na kila baada ya mstari mmoja mkono unapanda sikioni. Watu wakaanza: "hajui kuimba", "anaringa", "mapozi mengi". Mimi nilichokiona pale ni kitu kimoja tu: spika ya sikioni inateleza na dada wa watu hasikii bendi yake.

Na usimcheke sana, maana wewe mwenyewe yanakukuta. Uko kwenye basi la Masasi kwenda Newala, tuta moja tu, ya kulia ishaingia chini ya siti. Uko juu ya boda Chilangala, upepo wa uwandani unapiga, ya kushoto haipo. Ukiwa na jasho ndio kabisa. Na wale mnaofanya mazoezi kwa kucheza sindimba sebuleni, mnajua wenyewe kiuno kinavyoachana na hizo hedifoni.

Msimamo wangu nausema mapema: hedifoni ya kuchomeka sikioni ambayo haikai ni bidhaa mbovu, hata iwe na sauti tamu namna gani. Tumezoea kumuuliza machinga "besi ikoje?" na "chaji inakaa masaa mangapi?" Swali la kwanza lilitakiwa kuwa "inakaa sikioni?"

Sikio lenyewe likoje

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, na halijanyooka. Limejipinda kidogo kama herufi S. Wengine tundu lao ni duara, wengine limekaa kama yai, na sikio lako la kulia linaweza kutofautiana na la kushoto. Kama upande mmoja unakaa na mwingine unachomoka kila siku, hujalogwa.

Halafu taya. Ukiongea au ukitafuna, taya linasogea na tundu la sikio linabadilika umbo. Ndio maana unakula korosho zako kwa raha, huku spika inasukumwa nje taratibu mpaka inadondoka.

Ongeza uzito. Hizi zisizo na waya zimebeba betri ndani. Kama mwili wake mkubwa umekaa nje ya sikio, unavuta kama ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya kijiti. Fundi mzuri anaupeleka uzito ndani, ukae kwenye kile kibonde cha sikio, ili sikio lote lisaidie kubeba. Na anasambaza mgandamizo. Kitu kikibana sehemu moja tu hakitadondoka, sawa, ila baada ya nusu saa sikio linauma na unakitoa mwenyewe. Kukaa bila kuumiza, hapo ndipo kazi ilipo.

Njia zinajulikana zamani. Kuna vimpira vya silikoni vya saizi tofauti. Kuna sponji laini unayoiminya, ukiiingiza inatanuka na kujaza tundu. Kuna kibawa cha mpira kinachojibana kwenye mkunjo wa sikio. Kuna ndoano au waya unaopita nyuma ya sikio. Na kwa wenye pesa zao kuna za kupimwa: sikio lako linachukuliwa umbo kwa kumiminiwa ute unaoganda, kisha spika inachongwa kwa umbo hilo hilo. Mwaka 1995 fundi sauti wa Marekani, Jerry Harvey, alimtengenezea spika za sikioni za jukwaani mpiga dramu Alex Van Halen, na hapo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa hiyo dada yetu wa jukwaani alihitaji kupimwa sikio. Mapozi alisingiziwa tu.

Hata wakubwa wamelijua hili. AirPods za kwanza za mwaka 2016 zilikuja na umbo moja kwa dunia nzima, bila mpira. Mwaka 2019 zilipotoka AirPods Pro, ndani ya boksi kulikuwa na vimpira vya saizi tatu. Kampuni kubwa kiasi hicho imeona saizi moja haitoshi, halafu sisi tunauziwa boksi lenye mpira wa aina moja na tunaambiwa "zoea tu".

Bibi zetu walilijua

Huku uwandani suala la kitu kukaa mwilini sio geni. Bibi wa Kimakonde aliyevaa ndonya kwenye mdomo wa juu hakuanza na kipande kikubwa. Alitobolewa, akawekewa kidogo, kisha kikubwa zaidi, mwaka hadi mwaka. Na ndewe za masikio zilivalishwa vipande vya mapambo kwa mtindo huo huo. Hakuna gundi, hakuna kamba. Saizi sahihi kwa mtu sahihi, basi, na mama anatwanga, analima, anacheza ngoma, kitu kipo pale pale.

Tofauti ni moja. Ndonya iliufundisha mdomo kutanuka. Tundu la sikio huwezi kulifundisha, kwa hiyo kifaa ndicho kinatakiwa kulifuata sikio. Ukilazimisha unajiumiza.

Na muziki wa kubeba sio mgeni hapa. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi mpaka Newala akiwa na fonografu, akinasa nyimbo za watu. Zaidi ya miaka mia baadaye, mjukuu wa watu wale wale ana muziki wa dunia nzima mfukoni, kinachomshinda ni kampira ka sikioni. Inauma.

Kwa nini sio jambo dogo

Spika isipoziba tundu vizuri, besi inavuja na kelele za nje zinaingia. Wewe unafanya nini? Unaongeza sauti. Safari ya kutoka Newala mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, injini inanguruma, na video za basi nazo zinapiga singeli. Unajikuta uko kwenye sauti ya mwisho siku nzima.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Ukipanda mpaka 90, yanabaki masaa 4 tu kwa wiki nzima. Basi la Dar linayamaliza hayo kabla hujafika. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema zaidi ya vijana bilioni 1 wako hatarini kuharibu masikio kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Na usikivu ukiharibika kwa kelele haurudi.

Ila tusidanganyane: spika inayokaa na kuziba vizuri ni ya kwenye basi, gym na chumbani. Kaka bodaboda, ukiwa umeshika usukani usivae kabisa. Inayoziba inakunyima honi ya lori, inayodondoka inakutoa mkono kwenye usukani. Zote mbili zitakuua.

Kwa hiyo tufanye nini

Mastaa mnaolipwa kutangaza hizi bidhaa, tuoneshe umeivaa unaruka kamba dakika tano. Kuna mmoja, jina kapuni pia, matangazo anatangaza ya kampuni hii, klipu za mazoezi amevaa ya kampuni ile. Tumeona, bro.

Wauzaji, wekeni vimpira vya ziada, hata kwa mia tano. Tutanunua.

Na wewe mnunuzi: angalia kama boksi lina saizi zaidi ya moja. Jaribu saizi tofauti kwa kila sikio. Ukivaa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ingiza, kisha zungusha mpaka itulie. Tikisa kichwa, tafuna hewa, piga miayo. Ikibaki na haiumi, lipa. Futa mpira mara kwa mara, nta ya sikio inautelezesha. Na usiazimane na washkaji ovyo, masikio yana magonjwa yake.

Buku tano yako ni pesa. Na masikio ni mawili tu, machinga hauzi mengine.

Haya, wa Newala, Masasi, Tandahimba na kwingineko: za kwako zinakaa au unazishika kwa mkono kama staa wetu? Tiririka hapo chini.